Waacheni wakwame kwanza: niliyowaambia walimu wa kompyuta

Walimu wenzangu, wakubwa zangu mliopo humu shikamooni, na vijana habari zenu. Nimeombwa niongelee yale maswali ya siku zote kwenye masomo ya kompyuta, mnayajua, wanafalsafa watano mezani, mnara wa Hanoi, malkia wanane, madaraja saba, yale ambayo kila mwaka yapo kwenye slaidi na kila mwaka yapo kwenye pepa. Sijaleta slaidi. Nimeleta kalamu, karanga na sahani, mtaona baadae za nini.

Naomba nianze na kitu kilichonikuta. Nilipokuwa chuo, somo la mifumo endeshi, yaani zile programu kuu zinazoendesha kompyuta, nilifaulu vizuri sana. Swali la wanafalsafa lilikuja, nikalijibu lote bila kusita, kwa sababu nilikuwa na desa la mwaka wa nyuma na nililimeza mpaka nukta. Miaka kama mitatu baadae nikapata kazi ya kuutengenezea programu ushirika mmoja wa akiba na mikopo, kazi ndogo tu, wanachama wanahamishiana hela, inatoka kwenye akaunti ya huyu inaingia ya yule. Nikasema ili hela isipotee njiani, programu ifunge kwanza akaunti inayotoa, yaani mwingine asiiguse kwa muda huo, kisha ifunge inayopokea, ihamishe, alafu ifungue zote mbili. Nikaijaribu peke yangu wiki nzima, inafanya kazi safi kabisa.

Ikaja Januari, watu wanatafuta ada za watoto, foleni imetoka nje mpaka chini ya mwembe, makashia wawili wanafanya kazi kwa pamoja, programu ikaganda. Haikuandika kosa lolote, haikujizima, ilitulia tu. Na kuzima na kuwasha waliogopa maana hawakujua hela ya mtu imeshahama au bado, basi wakatoa madaftari ya zamani wakaanza kuandika kwa mkono mpaka magharibi, na kuna wazee waliondoka bila kuhudumiwa.

Nilichokuja kukiona usiku ule ni hiki. Kulikuwa na dada na mdogo wake wanaofanya biashara ya samaki pamoja. Kashia wa kwanza alikuwa anahamisha hela ya dada kwenda kwa mdogo, na kashia wa pili muda uleule anahamisha ya mdogo kwenda kwa dada, walikuwa wanalipana madeni yao. Programu upande huu imefunga akaunti ya dada inasubiri ya mdogo, upande ule imefunga ya mdogo inasubiri ya dada. Kila mmoja ana kitu anachokitaka mwenzake na hakiachii mpaka apewe kingine. Makashia walikuwa wawili na wote wawili wamekwama, kwahiyo ofisi nzima imekwama.

Hiyo ndo dedloki, kukwama kwa kusubiriana. Ndo swali lilelile nililopata maksi zote, ila limevaa nguo nyingine, na mimi sikulitambua! Tangu siku ile najiuliza nilifundishwa nini hasa, na tangu nimekuwa mwalimu najiuliza nafundisha nini.

Sasa lile swali lenyewe lilianzaje, maana hili watu wengi hawalijui na mimi naona ndo kiini cha mambo yote ninayotaka kusema leo. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra, alikuwa anafundisha Eindhoven, aliwatungia wanafunzi wake swali la mtihani. Hakukuwa na wanafalsafa wala tambi. Swali lilikuwa la kompyuta tano zinazogombania mashine za tepu, zile za kuhifadhia data za enzi hizo. Baadae kidogo Mwingereza Tony Hoare ndo akalivisha hadithi ya wanafalsafa watano kwenye meza ya duara, kila mmoja na sahani yake ya tambi, uma mmoja katikati ya kila wawili, na ili ule unahitaji uma mbili, wa kulia kwako na wa kushoto kwako. Yaani hili lilizaliwa kama swali jipya la mtihani, swali ambalo hakuna mwanafunzi aliyekuwa na desa lake. Sisi tumelichukua tukaligeuza kuwa ndo desa lenyewe.

Na jambo la pili linalotokana na hapo, kama Hoare aliruhusiwa kubadilisha kompyuta zikawa wanafalsafa basi na wewe unaruhusiwa kubadilisha wanafalsafa wakawa chochote. Nimekaa kwenye vipindi ambavyo robo saa nzima inapotea wanafunzi wanauliza kwa nini mtu asile tambi kwa uma mmoja, na wana haki, huku kwetu mtu anakula kwa mkono na sinia moja linatosha watu watano bila kugombana. Badilisha! Mi natumia kalamu na karanga.

Niwaelezee nilivyofanya muhula uliopita. Nilikaa na darasa la mwaka wa pili, nikachukua wanafunzi watano nikawaweka kwenye meza, katikati ya kila wawili nikaweka kalamu moja, jumla kalamu tano. Katikati ya meza bakuli la karanga. Sheria, karanga unaichukua kwa kalamu mbili kama koleo, hairuhusiwi vidole, hairuhusiwi kuongea, na kila mtu anaanza kuchukua kalamu ya kulia kwake. Nikahesabu moja, mbili, tatu. Wote watano wakachukua ya kulia, alafu wote watano wakageuka kushoto, hakuna kitu. Kimya. Kila mtu ameshika kalamu moja anaangalia mkono wa jirani yake. Nikawaacha hivyohivyo. Dakika moja ni ndefu sana mkiwa mnaangaliwa na watu sitini.

Binti mmoja akavunja sheria ya kuongea, akasema ticha nimpokonye? Nikamwambia subiri, hilo ni wazo, liandike ubaoni. Mwingine akasema mi naona tuweke chini tusubiri kidogo ndo tuanze upya. Sawa, jaribuni. Wote wakaweka chini, wote wakahesabu tatu, wote wakachukua ya kulia tena. Wakarudia. Mara ya nne darasa zima likawa linacheka kwa sababu mikono inaenda juu na chini pamoja kama ngoma na hakuna aliyekula hata karanga moja. Huo ni ugonjwa mwingine na una jina lake kwenye vitabu, ila wao waliuona kabla ya kusikia jina, wanahangaika kweli lakini kazi haiendi. Mwingine akasema tuongeze kalamu. Mwingine akasema mtu achukue zote mbili kwa mpigo au asichukue kabisa. Alafu kijana mmoja wa nyuma kabisa, ambaye kwa kawaida haongei, akasema mmoja wao tu aanze na ya kushoto.

Tukajaribu. Ikaenda. Kwa nini ilienda? Hapo ndo tulikaa nusu saa nzima, na sijutii. Ukizipa kalamu namba moja mpaka tano na ukasema kila mtu aanze na yenye namba ndogo, wanne wataanza upande mmoja na mmoja ataanza upande wa pili, na mduara wa kusubiriana hauwezi kufunga tena. Ndo dawa aliyoitoa Dijkstra mwenyewe. Na ndo dawa niliyoiweka kwenye ile programu ya ushirika usiku ule, kabla ya kuhamisha hela linganisha namba za akaunti, funga yenye namba ndogo kwanza bila kujali nani anatoa nani anapokea. Ni mistari mitatu tu ya programu.

Baada ya hapo ndo nikawaonyesha yale masharti manne ya mwaka 1971, ya Coffman na wenzake wawili, kwamba dedloki haitokei mpaka yote manne yawepo kwa pamoja: kitu hakitumiki na wawili, mtu anashika kimoja huku anasubiri kingine, hakuna wa kumpokonya, na kusubiriana kumezunguka mpaka kukafunga duara. Na sikuwa na haja ya kuwakaririsha kwa sababu yote yalikuwa ubaoni kwa mwandiko wao. Aliyesema tuongeze kalamu alikuwa analigusa la kwanza, maana kugombania kunapungua, wa zote kwa mpigo anavunja la pili, binti wa kupokonya anavunja la tatu, yule wa nyuma akavunja la nne. Wangapi kati yetu tunaanza na hayo masharti manne, slaidi ya kwanza, kabla mtu hajakwama hata kidogo?

Na msiishie hapo jamani, kuna sehemu watu wanairuka. Mchezo ulivyokuwa unaenda vizuri niliwaacha wale dakika kumi. Tukahesabu maganda. Kijana mmoja amekula karanga kumi na moja. Jirani yake, yule binti, hajala hata moja, kwa sababu kila akitaka ya kulia jirani wa kulia anayo, akitaka ya kushoto jirani wa kushoto anayo, wanapokezana wao wawili na yeye yupo katikati. Dedloki hakuna hapo, meza inafanya kazi, na mtu analala na njaa. Nikamwuliza umejisikiaje, akasema nilidhani tatizo ni mimi sina kasi. Hilo jibu sijalisahau. Kwenye seva, ile kompyuta inayohudumia nyingine, iko programu ambayo inasubiri zamu yake hivyohivyo na kule hakuna hata wa kumwuliza.

Sasa mnara wa Hanoi. Hili swali linaumizwa kuliko yote, kwa sababu programu yake ni fupi mno, mistari mitano sita, inamezeka kirahisi, na mwanafunzi anaiandika kwenye pepa bila kuelewa hata neno. Aliyelitoa ni Mfaransa Édouard Lucas mwaka 1883, aliliuza kama mchezo wa watoto na akajificha nyuma ya jina la N. Claus, na herufi za Claus ukizipanga upya unapata Lucas. Alikuwa mwalimu wa hesabu, kama sisi. Vijiti vitatu, visahani vyenye tundu vimepangwa kubwa chini ndogo juu, vihamishe vyote kutoka kijiti cha kwanza kwenda cha tatu, kimoja kimoja, na kikubwa kisikae juu ya kidogo.

Mimi sitaji neno rekasheni, yaani programu kujiita yenyewe, siku ya kwanza. Naanza na nyumbani. Kwenye familia zetu nani anatumwa dukani? Baba anamtuma mtoto mkubwa, mkubwa anamtuma anayemfuata, anayemfuata anamtuma mdogo wake, mpaka inamfikia yule wa mwisho ambaye hana wa kumtuma, huyo anavaa ndala anaenda. Basi nachukua wanafunzi wanne nawapanga kwa mstari, sahani nne za ukubwa tofauti mezani. Namwambia wa kwanza kazi yako ni kuhamisha sahani nne. Hajui. Sawa, ungekuwa na mdogo wako anayejua kuhamisha tatu ungefanyaje? Anafikiri, anasema ningemwambia azipeleke zile tatu za juu pembeni, mi nahamisha hii kubwa, alafu namwambia tena azilete juu yake. Haya mtume. Anamgeukia wa pili, hamisha tatu. Wa pili naye hajui, anamtuma wa tatu, hamisha mbili. Wa tatu anamtuma wa nne, hamisha moja. Wa nne anaangalia nyuma yake hakuna mtu, anaichukua anahamisha mwenyewe.

Huyo wa nne ndo mwisho wa kujirudia, sehemu ambayo wanafunzi wanaisahau kila siku kwenye programu zao alafu kompyuta inazunguka mpaka kumbukumbu inajaa. Mwanafunzi aliyewahi kuwa mtoto wa mwisho nyumbani hasahau hiyo tena. Na wakihesabu wanaona sahani tatu ni hatua 7, nne ni hatua 15, tano ni 31, kila ukiongeza sahani moja kazi inakuwa mara mbili na moja juu, kwa sababu kila mkubwa anamtuma mdogo wake mara mbili. Ndipo unawapa sahani 64 za ile hadithi ya makasisi wanaohamisha sahani ambayo ilitembea na mchezo wa Lucas, hatua 18,446,744,073,709,551,615, na hata ukihamisha moja kila sekunde bila kulala ni miaka kama bilioni 585. Hapo hata usiposema chochote wanaelewa kwa nini kuna mambo kompyuta yenye kasi kiasi gani haiyawezi.

Nisogee kwenye la kwetu. Nani humu hajui chui, mbuzi na majani? Mnaona, hakuna. Mtu anavuka mto, mtumbwi unambeba yeye na kitu kimoja, akiwaacha chui na mbuzi mbuzi ataliwa, akiacha mbuzi na majani majani yataliwa. Wazungu wanalo na mbwa mwitu, mbuzi na kabichi, lipo kwenye mkusanyo wa maswali unaohusishwa na Alcuin, mwalimu aliyefundisha kwenye jumba la mfalme Charlemagne miaka zaidi ya 1200 iliyopita, mkusanyo ambao jina lake linasema wazi ni wa kunoa vijana. Sisi tulilisikia kwa bibi zetu jioni. Na kwa masikitiko makubwa nasema, nimeona walimu wanalifundisha la kabichi, kutoka kwenye kitabu, kwa watoto ambao lao wanalo!

Tena hili sio la kupitisha muda. Waambie wanafunzi waandike hali zote. Mtu, chui, mbuzi, majani, kila mmoja yupo ng'ambo hii au ile, kwahiyo hali zote ni 16. Futa zile ambazo kuna kitu kinaliwa, zinabaki 10. Zichore ukutani, unganisha kwa mstari kila hali mbili ambazo safari moja ya mtumbwi inatoka huku inafika kule. Sasa huna tena hadithi, una ramani, na swali limekuwa ni kutafuta njia kwenye ramani, kazi ileile inayofanywa na simu ikikutafutia njia ya kufika mjini. Njia fupi ni safari 7 na zipo mbili.

Ila pale wanapokwama ni safari ya nne, wote, kila mwaka. Mbuzi ameshavuka, chui ameshavuka, na ili uendelee inabidi umrudishe mbuzi ulikomtoa. Wanakataa. Wanaona ni kurudi nyuma. Mwanafunzi mmoja aliniambia siwezi kufanya hivyo mwalimu, nitakuwa naharibu kazi niliyoifanya. Nikamwacha na ramani, akafuata mistari kwa kidole, akanyamaza, alafu akasema kumbe hakuna mlango mwingine. Programu inayochagua kila hatua ile inayoonekana kusogea mbele inafia hapohapo kwa mbuzi. Ningemwambia jibu mapema angeliandika na angelisahau kabla ya chakula cha mchana.

La madaraja saba ya Königsberg nalipita haraka, mji huo leo unaitwa Kaliningrad upo Urusi. Mwanahisabati Euler mwaka 1736 alionyesha kwamba huwezi kuyapita yote mara moja moja bila kurudia, kwa sababu kila kipande cha nchi pale kilikuwa na madaraja ya idadi witiri, na kipande ambacho huanzii wala huishii lazima kiwe na idadi shufwa, maana kila ukiingia lazima utoke. Wapeni kwanza ile nyumba ya kuchora bila kuinua kalamu, yenye msalaba ndani na paa juu, tuliichora sana kwenye mchanga, na waulize kwa nini ukianzia kona za chini inakubali na ukianzia kwenye paa inakataa. Wahesabu mistari kwenye kila kona. Wanafunzi wetu wanahitaji sana kukutana na swali ambalo jibu lake ni haiwezekani na wakaweza kulithibitisha, maana wamezoea kwamba kila swali lina jibu nyuma ya kitabu. La malkia wanane, kuwapanga kwenye ubao wa chesi bila mmoja kumla mwenzake, naliacha, lina majibu 92 na hatuna muda.

Sasa niongee kuhusu pepa zetu, na hapa naomba mnivumilie. Swali la "andika programu ya mnara wa Hanoi" halipimi kitu. Lilikuwa halipimi enzi za desa, na sasa hivi ndo kabisa, simu ya mwanafunzi inatoa hilo jibu kabla hajamaliza kusoma swali, kwa sababu majibu ya haya maswali yapo kila mahali. Lakini badilisha kitu kimoja tu. Sema sahani hairuhusiwi kuruka kutoka kijiti cha kwanza kwenda cha tatu moja kwa moja, lazima ipite cha katikati. Sahani tatu hazitakuwa hatua 7 tena, zitakuwa 26, na aliyemeza atakwama na aliyeelewa kutumana atakaa chini aanze upya, nani anamtuma nani mara ngapi. Mara tatu, sio mbili. Kwenye mto, ongeza nafasi moja kwenye mtumbwi. Kwenye meza, weka mtu anayeshika kalamu alafu analala usingizi, maana seva zinazimika zikiwa zimeshika kufuli.

Kuna mwalimu hapa asubuhi aliniuliza, sasa wakikwama wakakata tamaa je? Ni swali zuri na lina uzito. Wapo wanaokata tamaa, na kosa hilo nimelifanya, nilimwacha mwanafunzi akwame wiki mbili peke yake nikidhani namjenga, akaacha somo. Kwahiyo nasema wakwame wakiwa pamoja, wakiwa mezani, na wewe ukiwepo. Usitoe jibu, uliza nani ameshika nini, nani anasubiri nini. Hayo maswali mawili peke yake yangeniokoa mimi ile Januari.

Haya, tumebakiwa na dakika arobaini. Nyuma kule nimepanga meza sita, kila meza ina kalamu tano, bakuli la karanga na sahani nne. Naomba mkae watano watano, msikae na wa chuo chenu. Hairuhusiwi kuongea mpaka mkwame. Mwalimu wangu wa mbele hapa, karibu, wewe utakuwa unahesabu moja mbili tatu.